Guava mbili ndani ya seva moja: kisa cha programu-jalizi iliyokataa faili kubwa

Programu-jalizi yenyewe ilikuwa ndogo. Ujenzi ukimalizika ndani ya Jenkins, yaani mfumo unaojenga na kujaribu programu bila mkono wa mtu, ilitakiwa ichukue faili zilizozalishwa, izipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha iandike kiungo chake kwenye ukurasa wa ujenzi ule. Tuliiandika watu watatu, hapa Dar es Salaam, mwaka 2021, kwa sababu diski ya seva ilikuwa ikijaa kila baada ya wiki mbili na kila mara mtu alilazimika kuingia kufuta kwa mkono. Seva ilikuwa Jenkins 2.289 juu ya Java 11. Programu-jalizi tukaiita hifadhi-matokeo.

Siku mbili za kwanza kila kitu kilienda sawa. Ripoti za majaribio zilipanda, viungo vilifunguka, na dada anayesimamia seva akatushukuru. Siku ya tatu timu ya simu ikawasha ujenzi wao, wenye faili la usakinishaji la megabaiti 140, na faili hilo halikupanda. Logi iliandika jambo moja tu: muda wa kusubiri, dakika 10, umekwisha. Tukarudia, matokeo yakawa yaleyale. Ripoti ya megabaiti mbili ikapanda kwa sekunde chache kama kawaida.

Faili dogo linapita, kubwa linakwama. Mtu yeyote aliyefanya kazi na intaneti ya huku anajua tulimshuku nani. Siku nzima ikaishia kwenye mtandao: tukapima kasi, tukamwita msimamizi aangalie vizuizi vya kutoka nje, tukasogeza kazi usiku wakati watu hawatumii. Mwishoni mwenzetu mmoja akaingia kwenye seva ileile, akatuma faili lilelile kwa amri ya `curl`, na likafika kwa muda usiozidi dakika nne. Mtandao haukuwa na hatia. Ndipo tukafungua msimbo wetu.

Kosa lililomezwa

Tulikuwa tumeandika hivi, kwa ufupi:

```java
pool.submit(() -> {
    try {
        mteja.pandisha(faili);
        kikomo.countDown();
    } catch (Exception e) {
        logi.println("Imeshindikana: " + e.getMessage());
    }
});
kikomo.await(10, TimeUnit.MINUTES);
```

Anayeijua Java vizuri ameshaona tatizo. Si kila kinachorushwa ni `Exception`. Kuna tawi la pili, `Error`, na `catch` yetu hailigusi. Kinachorushwa kutoka tawi hilo ndani ya uzi wa `pool`, kundi la nyuzi zinazofanya kazi pembeni, kinahifadhiwa kimya ndani ya `Future` (kishikio cha matokeo ya kazi) inayorudishwa na `submit`, na asipotokea mtu wa kuita `get()` juu ya hiyo `Future`, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kosa. Sisi hata hiyo `Future` hatukuishika. Kazi ilikufa katika sekunde ya kwanza, na sisi tukakaa dakika 10 tukimsubiri marehemu.

Tukabadilisha, tukaishika `Future` na kuiita. Mara moja logi ikasema:

```
java.lang.NoSuchMethodError:
  com.google.common.base.Preconditions.checkArgument
  (ZLjava/lang/String;Ljava/lang/Object;)V
```

Kijana wa timu aliyekuwa ameandika sehemu ile akafungua kifurushi chetu cha `.hpi` (faili la kusakinisha programu-jalizi ya Jenkins), akaingia `WEB-INF/lib`, akaikuta `guava-28.2-jre.jar`, yaani toleo la 28.2 la Guava, maktaba ya Java ya Google yenye hiyo `Preconditions`, akaichungulia kwa `javap`, zana ya kuangalia ndani ya klasi. "Kaka, inasema methodi haipo, na mimi naiona hapa." Alikuwa sahihi kabisa. Methodi ilikuwapo, ndani ya faili lililomo ndani ya kifurushi chetu wenyewe, na seva bado inaapa kwamba haipo.

Kusoma saini ile kwa makini

Kosa hili linastahili kusomwa herufi kwa herufi, kwa sababu jibu lote limo ndani yake. Mabano yanabeba aina za vitu vinavyoingia: `Z` ni boolean, kisha `String`, kisha `Object` mmoja. `V` ya mwisho inasema hairudishi kitu. Kwa hiyo mwitaji anatafuta `checkArgument` inayopokea boolean, maandishi, na kitu kimoja kamili.

Guava ya zamani ina `checkArgument` pia, ila saini yake ni `(ZLjava/lang/String;[Ljava/lang/Object;)V`. Tazama mabano ya mraba kabla ya `L`. Ile inapokea safu ya vitu. Katika msimbo wa Java unaoandikwa kwa mkono huwezi kuona tofauti. Unaandika `checkArgument(n > 0, "n ni %s", n)` na zote mbili zinakubali. Lakini Guava 20, ya mwaka 2016, iliongeza matoleo mengi ya methodi hii yanayopokea kitu kimoja, viwili, na kuendelea, ili kuokoa gharama ya kuunda safu kila inapoitwa. Kompaila ikikutana na Guava 20 au mpya zaidi huchagua ile iliyo mahususi zaidi, na saini hiyo ndiyo inayochongwa ndani ya baitikodi, yaani msimbo uliokwisha kompailiwa. JVM, mashine inayoendesha Java, wakati wa kuendesha haikisii wala haitafuti inayofanana. Inataka saini ileile, alama kwa alama.

Kwa hiyo maktaba ya mteja wa hifadhi tuliyoitumia, yaani ile inayozungumza na hifadhi ya mtandaoni kwa niaba yetu, ilikompailiwa ikiwa na Guava mpya mbele yake, na wakati wa kuendesha ikakutana na Guava iliyo chini ya 20. Msimbo wa chanzo haukuwa na neno hata moja lililobadilika.

Na kwa nini faili dogo lilipita? JVM haifungi marejeo yote ya methodi pale klasi inapopakiwa. Inafunga kila moja pale mstari wake unapofikiwa kwa mara ya kwanza. Maktaba ile ilikuwa na njia mbili: faili dogo hutumwa kwa ombi moja, faili kubwa hukatwa vipande. Mwito uliokosa methodi ulikuwa kwenye njia ya vipande peke yake. Programu-jalizi ingeweza kukaa mwaka mzima ikionekana nzima, ili mradi hakuna aliyepandisha faili kubwa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuhusu aina hii ya kosa hadi leo: kusakinishwa bila malalamiko hakuthibitishi lolote.

Nani ameipakia?

Tuliendelea kubishana juu ya `pom.xml`, faili linaloiambia Maven, zana yetu ya ujenzi, maktaba za kutumia, kwa saa nzima kabla sijakumbuka kwamba faili hilo halipo tena wakati wa kuendesha. Seva haisomi `pom.xml`. Swali la maana ni moja: klasi iliyo hai ndani ya seva sasa hivi imetoka faili gani? Jenkins ina ukurasa wa kuendesha hati za lugha ya Groovy kwa msimamizi, wenye nguvu zote juu ya seva, kwa hiyo tulimwomba mwenye seva aendeshe mwenyewe:

```groovy
def p = Jenkins.instance.pluginManager.getPlugin('hifadhi-matokeo')
def k = p.classLoader.loadClass('com.google.common.base.Preconditions')
println k.protectionDomain.codeSource.location
```

Jibu:

```
file:/var/cache/jenkins/war/WEB-INF/lib/guava-11.0.1.jar
```

Guava 11.0.1, ya Januari 2012, kutoka kiini cha Jenkins. Nakala yetu ya 28.2 ilikuwa imekaa kwenye diski, haijaguswa na mtu.

Mistari hii mitatu ndiyo ninayompa kila anayeniletea tatizo la namna hii. Kama huna ukurasa wa hati, anzisha JVM na `-Xlog:class+load` uchuje jina la klasi. Utapata kilekile kwa kelele zaidi.

Sababu ya jibu lile iko kwenye mpango wa vipakiaji. Katika Jenkins, kiini kina kipakiaji chake cha klasi, na kila programu-jalizi ina kipakiaji chake ambacho mzazi wake ni kile cha kiini. Kwa kawaida kipakiaji cha mtoto hakitoi jibu kabla ya kumuuliza mzazi. Mzazi akiwa na klasi ya jina hilo, yake ndiyo inayotumika, na mtoto hafungui hata mfuko wake. Kwa kuwa kiini kilikuwa na `com.google.common.base.Preconditions`, mjadala uliishia hapo.

Utaratibu huu una maana yake. Ndani ya JVM, utambulisho wa klasi ni jina lake pamoja na kipakiaji kilichoileta. Klasi mbili zenye jina moja zilizoletwa na vipakiaji viwili ni aina mbili tofauti, na moja haiwezi kugeuzwa kuwa nyingine. Programu-jalizi na kiini zinapeana vitu mchana kutwa: ujenzi, kazi, watumiaji. Kila upande ungekuwa na `hudson.model.Run` yake, wasingeelewana kabisa. Kumtanguliza mzazi kunahakikisha wote wanazungumzia kitu kimoja. Ila mzazi akiwa na maktaba ya miaka tisa iliyopita, watoto wote wanakula hiyo.

Onyo tulilolizima wenyewe

Nilipopitia historia ya msimbo wetu nikakuta jambo lililonisikitisha kuliko kosa lenyewe. Wiki tatu nyuma ujenzi wetu ulikuwa umekataa kwa ujumbe huu:

```
Require upper bound dependencies error for com.google.guava:guava:11.0.1
```

Hiyo ni kanuni ya maven-enforcer-plugin, na pom mzazi ya programu-jalizi za Jenkins huiwasha kwa makusudi. Inasema: toleo lililochaguliwa ni dogo kuliko lile ambalo mmoja wa wahitaji analitaka. Lilikuwa onyo kamili, la tatizo hilihili, kabla hatujasakinisha chochote. Tulifanya nini? Tulitangaza Guava 28.2 moja kwa moja kwenye `pom.xml` yetu. Maven, panapogombaniwa matoleo, huchagua lililo karibu zaidi na mzizi wa mti, na hakuna lililo karibu kuliko ulilolitangaza mwenyewe. Kanuni ikaridhika. Ujenzi ukapita. Badiliko likaandikwa "rekebisha ujenzi" na mimi ndiye niliyeliidhinisha.

Katika programu ya kawaida inayojianzisha yenyewe kwa `java -jar`, suluhisho hilo lingekuwa sahihi, kwa sababu humo Maven ndiye anayeamua kitakachokuwepo. Ndani ya programu-jalizi, Maven anaamua kitakachofungashwa tu. Kitakachotumika huamuliwa na mwenyeji.

Na majaribio yetu je? Yalipita yote, pamoja na jaribio la faili kubwa. Majaribio ya kawaida ya Jenkins huendeshwa na kila kitu kikiwa kwenye njia moja bapa ya klasi, bila ngazi ya mzazi na mtoto. Kwa kuwa Maven alikuwa amechagua 28.2, hata kiini chenyewe cha Jenkins kiliendeshwa na 28.2 wakati wa majaribio. Tulijaribu Jenkins ambayo haipo mahali popote duniani isipokuwa kwenye folda yetu ya `target`.

Mapendekezo yaliyokataliwa

La kwanza lilikuwa kufuta `guava-11.0.1.jar` kwenye seva na kuweka mpya. Nilielewa mvuto wake, ni kazi ya dakika moja. Lakini Guava ilikuwa imeondoa vitu njiani: `Objects.firstNonNull` na `MoreExecutors.sameThreadExecutor`, kwa mfano, ziliondoka kwenye toleo la 21. Programu-jalizi nyingine zilizokompailiwa zamani huziita. Tungeponya ya kwetu na kuvunja za wengine, nazo zingevunjika kwa mtindo uleule, polepole, kila mstari siku yake. Mradi wa Jenkins wenyewe ulikaa na 11.0.1 kwa takriban miaka 10 kwa sababu hiyo; ukiwa na programu-jalizi zaidi ya 1,800 huwezi kubadilisha maktaba ya pamoja kirahisi.

La pili lilikuwa kushusha toleo la mteja wa hifadhi hadi lile lililoandikwa kabla ya Guava 20. Hapo tungekuwa tunatembea na msimbo wa kabla ya 2016 unaoshika funguo za siri za hifadhi yetu. Sikuliruhusu hata lijaribiwe.

Mtoto kwanza

Jenkins inaruhusu kugeuza mpangilio kwa programu-jalizi moja. Unaandika hivi kwenye usanidi wa maven-hpi-plugin:

```xml
<pluginFirstClassLoader>true</pluginFirstClassLoader>
```

Neno hilo linaingia kwenye manifesti ya kifurushi, na kipakiaji kinaanza kutafuta ndani ya mfuko wake kabla ya kumuuliza mzazi. Tulijenga, tukasakinisha, tukawasha seva upya. Kosa la Guava likatoweka. Likaja jingine, na safari hii hata faili dogo halikupanda:

`java.lang.LinkageError: loader constraint violation`, likitaja `org.slf4j.impl.StaticLoggerBinder.getLoggerFactory()` na aina `org/slf4j/ILoggerFactory`.

Ukilisoma mara ya kwanza linatisha. Ukiufuata mwendo wa klasi moja moja linakuwa rahisi. Mteja wa hifadhi alikuja na `slf4j-api` yake, maktaba ya kuandika logi, ndani ya kifurushi chetu. Kwa mpangilio mpya, `LoggerFactory` na `ILoggerFactory` zikapakiwa kutoka kwetu. `LoggerFactory` ikamtafuta `StaticLoggerBinder`, ambaye hakai ndani ya `slf4j-api` bali ndani ya maktaba inayounganisha slf4j na mfumo halisi wa logi. Kwetu hayupo, basi kipakiaji kikamwendea mzazi, na mzazi anaye, kupitia `slf4j-jdk14`. Lakini `StaticLoggerBinder` wa mzazi anarudisha `ILoggerFactory` ya mzazi, na aliyeita anatarajia `ILoggerFactory` ya kwetu. Jina moja, vipakiaji viwili, aina mbili. JVM ikakataa kuwaunganisha, na ilifanya vizuri.

Dawa ilikuwa kuiondoa `slf4j-api` kwenye kifurushi, ili ya mzazi itumike na pande zote mbili ziione ileile. Mistari minne ya `exclusion`. Faili la megabaiti 140 likapanda alasiri hiyo, na timu ya simu wakapata kiungo chao.

Wengi wanaishia hapo na sitawalaumu. Mimi sikuridhika. Kumtanguliza mtoto hakuchagui. Kunahusu kila faili lililo ndani ya `WEB-INF/lib`. Leo tumeiondoa slf4j kwa sababu imepiga kelele. Baada ya miezi sita mtu ataongeza maktaba nyingine, itakuja na wenzake watano, na mmoja wao atakuwa ni aina ambayo kiini nacho kinaitumia. Hatakuwa na habari kwamba mstari mmoja kwenye `pom.xml` umegeuza sheria ya nyumba. Kuna pia `maskClasses`, inayofunika pakeji fulani tu za kiini zisionekane na programu-jalizi yako, na hiyo ni finyu zaidi, lakini sisi tulitaka kitu ambacho kinaonekana kwenye baitikodi yenyewe na hakitegemei tabia ya mwenyeji.

Kubadilisha jina

Kama ugomvi wote ni wa jina moja kwa vitu viwili, basi kimoja kipewe jina lingine. Ndiyo kazi ya maven-shade-plugin inapohamisha pakeji: inaingia ndani ya baitikodi ya maktaba na ya wote wanaoiita, na kuandika jina jipya.

```xml
<relocation>
  <pattern>com.google.common</pattern>
  <shadedPattern>hifadhi.ndani.guava</shadedPattern>
</relocation>
```

Kiini kinabaki na `com.google.common.base.Preconditions`, sisi tunatumia `hifadhi.ndani.guava.base.Preconditions`, na mzazi akiulizwa hana la kujibu kwa sababu hajawahi kulisikia jina hilo. Mpangilio wa kawaida wa vipakiaji unabaki vilevile.

Kuna mambo matatu yaliyotukwaza, na yote yalikula muda kuliko nilivyotarajia.

Kwanza, lazima maktaba inayoiita Guava, yaani mteja wa hifadhi, naye aingizwe ndani ya kifurushi kinachohamishwa. Ukihamisha Guava peke yake, mteja anaendelea kuita jina la zamani na unarudi mwanzo. Kwa hiyo tuligawa mradi: moduli moja inayozalisha `.jar` yenye mteja na Guava iliyobadilishwa jina, na moduli ya pili ambayo ndiyo programu-jalizi, inayoitegemea ile ya kwanza. Kufanya yote ndani ya moduli ya `.hpi` ni kutafuta maumivu.

Pili, tulitaja vya kuingizwa kimoja kimoja: mteja, vitegemezi vyake, na `guava`. Tulipoendesha: `NoClassDefFoundError: hifadhi/ndani/guava/util/concurrent/internal/InternalFutureFailureAccess`. Tangu toleo la 27, sehemu ndogo ya Guava inakaa kwenye kifurushi tofauti kiitwacho `failureaccess`, ila pakeji yake bado inaanza na `com.google.common`. Kanuni yetu ilibadilisha jina la mwito, na kitu kinachoitwa hatukukiingiza. Tukaongeza mstari mmoja. Katika kupekua huko tulikutana na kifurushi kingine cha Guava, `listenablefuture`, chenye toleo liitwalo `9999.0-empty-to-avoid-conflict-with-guava`. Ni faili tupu. Limetolewa kwa namba kubwa hivyo makusudi, ili zana za ujenzi zilichague badala ya lile lenye klasi na klasi zisijirudie. Wenye Guava wenyewe nao wameteseka na jambo hili kiasi cha kuchapisha utupu.

Tatu, shade hufanya kazi katika hatua ya `package`. Ukiendesha `mvn test` kwenye mradi wote, moduli ya pili inapewa `target/classes` ya moduli ya kwanza, kabla jina halijabadilishwa, na kompaila inalalamika kwamba `hifadhi.ndani.guava` haipo. Kihariri nacho kinapiga mistari myekundu vivyo hivyo. Tangu hapo tunaendesha `mvn verify` na tumeliandika kwenye maelezo ya mradi kwa herufi nene, maana kila mgeni anakwama hapo siku ya kwanza.

Hatimaye tukafungua kifurushi kuthibitisha kwa macho. `unzip -l` ya `.hpi` ikionyesha `guava-28.2-jre.jar` kwenye `WEB-INF/lib`, basi Guava imevuja tena kupitia mlango wa nyuma na kazi haijaisha. Kwetu haikuwapo.

Mlinzi aliyekosekana

Kilichokuwa kinaniuma bado ni majaribio. Yalikuwa yametudanganya mara moja. Vifaa vya majaribio vya Jenkins vina `RealJenkinsRule`, inayoanzisha Jenkins kwenye JVM yake ya pembeni, na vipakiaji vya kweli, mzazi na mtoto kama ilivyo kwenye seva. Ni nzito na inachelewesha ujenzi wetu kwa karibu dakika moja. Tuliandika majaribio mawili tu nayo. La kwanza linapandisha faili kubwa kwenye seva bandia. La pili linauliza lile swali la Groovy: klasi hii imetoka faili gani? Kisha tukarudi nyuma kwenye msimbo wa wiki ile ya mwanzo na kuyaendesha juu yake. Yote mawili yalianguka, la kwanza kwa `NoSuchMethodError` ileile. Siku hiyo ndipo nilipoamini kwamba tumelielewa tatizo.

Elasticsearch, seva ya utafutaji yenye programu-jalizi zake, nikiwa hapa niseme, huchukua msimamo mkali zaidi: programu-jalizi ikileta klasi ambayo tayari ipo, inakataa kuanza na kuandika `jar hell!` kwenye logi. Watu huilalamikia tabia hiyo. Mimi baada ya kisa hiki naitamani. Kukataliwa mlangoni kunauma kidogo kuliko kuvunjika siku ya tatu mikononi mwa timu nyingine.

Baada ya seva kupandishwa

Novemba 2021 Jenkins 2.320 iliondoa Guava 11.0.1 na kuweka 31.0.1, na badiliko hilo likaingia kwenye mkondo wa matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu (LTS) na 2.332.1 mwaka 2022. Seva yetu ilipopandishwa hadi hapo tukawa na swali: tubaki na nakala yetu iliyobadilishwa jina, au tuiache?

Mwenzangu mmoja alitaka ibaki, na hoja yake ilikuwa nzuri: inafanya kazi, haimtegemei mtu, na kiini kikibadilika tena hatutatikisika. Nilipinga kwa jambo moja. Guava 28.2 ina udhaifu ulioandikishwa kama CVE-2020-8908, unaohusu folda za muda zinazosomeka na watumiaji wengine wa mashine. Hatukuwa tukiitumia methodi ile, hilo ni kweli. Lakini kichunguzi chetu cha udhaifu hakikutuambia kitu, kwa sababu jina la pakeji tulilibadilisha sisi na chenyewe kilikuwa kinatafuta `com.google.common`. Ukibadilisha jina la maktaba, unakuwa wewe ndiye mlezi wake. Hakuna atakayekukumbusha kuisasisha. Timu ya watu watatu yenye kazi nyingine nyingi haikuwa na haki ya kuahidi ulezi huo.

Tukaondoa moduli ya kwanza, tukamweka mteja wa hifadhi kama kitegemezi cha kawaida, tukaitenga Guava yake ili ya kiini itumike. Kanuni ya enforcer tuliiacha ipige kelele hadi ilipokubali yenyewe, bila kuizibia mdomo. Majaribio ya `RealJenkinsRule` yakapita. Kisha tukamwomba dada wa seva aendeshe tena ile mistari mitatu. Ikaandika `WEB-INF/lib/guava-31.0.1-jre.jar`, na ujenzi uliofuata wa timu ya simu, faili la megabaiti 152 safari hiyo, ukapanda.